Baba Yetu, Fundi wa Viyoyozi Asiyejua Kutulia

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ndiye kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma nisome habari za baba yetu, ambaye leo kwa mara ya kwanza tunamwona ametulia, jambo ambalo limenitia wasiwasi tangu asubuhi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mwashi na mshonaji, akaanza shule mwaka 1966, akamaliza sekondari, akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu fani ya majokofu na viyoyozi Novemba 1978, huku walimu wakilalamika kwamba hakai kitini. Mwaka 1979 aliajiriwa katika karakana, na tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu wa chekechea, wakatupata mimi na mdogo wangu wa kiume.

Mwaka 2014 alirudi kutoka mafunzoni na jambo jipya la kumkosesha usingizi, nalo ni viyoyozi vya gesi ya propeni, jamaa ya hii ya kupikia, ambayo haiongezi joto la dunia kama gesi za zamani, na mashine zake hula umeme kidogo. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba hampelekei mteja kitu ambacho hajalala nacho mwenyewe, basi akafunga kimoja chumbani kwao, akapaka povu la sabuni kila kiungo kuona kama kinavuja, kisha akaanza kuchungulia mita ya umeme. Matumizi hayakupungua. Alikifungua, akakifunga, akakifungua tena, akailaumu kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, akala amesimama, akamgombeza mdogo wangu bure, mpaka siku aliposahau spana, akarudi ghafla na kukuta dirisha la chumbani wazi, baridi yote inakwenda kwa majirani. Mama, aliyekuwa akilifungua kila baba akitoka, alimwambia mbele yetu kwamba yeye halali na bomu la gesi, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Baba alicheka, akasema kweli kikulacho ki nguoni mwako, lakini dirisha hakuligusa, akasema litafungwa na aliyelifungua.

Akafunga viyoyozi hivyo kwenye zahanati, shule na maofisi, watu wakamsifu, naye hakuona raha, kwa sababu aliyemtaka amwamini alikuwa mmoja tu.

Januari 2023 moyo ulianza kumsumbua, madaktari wakamwamuru apumzike, amri ambayo hakuwahi kuitii. Jumamosi iliyopita joto lilimbana pumzi, tukawa tunapishana chumbani bila kujua la kufanya, ndipo mama akainuka, akafunga dirisha, akawasha kiyoyozi, akaketi kando yake. Baba alilitazama dirisha, akamtazama mama, akataka kuinuka akaangalie mita, tukamzuia, akafariki alasiri hiyo mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake mliobeba jeneza.

Dirisha bado limefungwa, baba, na mita nitaichungulia mimi. Pumzika kwa amani.