Vibao vya Mwalimu Cleopas Odera Wasonga (1961–2025)

Mwalimu Cleopas Odera Wasonga aliacha agizo moja tu kuhusu wasifu huu: asipambwe. "Mimi si keki ya harusi," alimwambia binti yake wa kwanza, Valarie Akeyo, ambaye ndiye anayewasomea leo. "Sema nilivyokuwa. Na ile sehemu ya vibao usiiruke, hata wazee wakikukonyeza." Wazee wamekonyeza sana wiki hii. Sehemu ya vibao imo.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika kijiji cha Nyadorera, Siaya, nchini Kenya, mtoto wa tatu wa Mzee Wasonga na Mama Perpetua. Mzee Wasonga alikuwa mfanyakazi wa meli zilizovusha mabehewa ya treni kati ya Kisumu na Port Bell, na mwaka 1968 aliwahamishia wote Luzira, penye bandari hiyo ya Port Bell, jijini Kampala, Uganda. Hapo bandarini ndipo mtoto alipojifunzia kusoma, kwenye maandishi ya ubavuni mwa mabehewa. Siku moja mama yake alimtuma chumvi saa tatu asubuhi. Alirudi jioni, mikono mitupu, chumvi hana, lakini angeweza kukutajia uzito wa kila behewa lililoshushwa. Alichapwa, na Mama Perpetua mwenyewe alisimulia kwamba alimchapa huku akicheka.

Alisoma shule ya msingi Luzira mpaka mwaka 1976, mambo yalipochafuka nchini na familia ikarudi Kisumu. Huko alimaliza sekondari mwaka 1980, kisha akasomea ualimu wa Kiswahili na Kiingereza, akahitimu mwaka 1984. Alifundisha Kisumu miaka mitano. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa umebaki upande huu wa ziwa, na Februari 1990 alirudi Kampala kufundisha katika shule moja ya binafsi ya sekondari pale Namuwongo, karibu na reli.

Kampala ndiko alikokutana na Alum Evaline, mwenyeji wa Lira, aliyekuwa akiuza vitambaa Mengo. Mwalimu alinunua vitambaa vya pazia kwa nyumba ambayo haikuwa na madirisha ya kutosha hata nusu yake. Mara ya tano Mama Alum akamuuliza, "Ssebo, bwana, wewe unafunika nyumba ama unafunika maneno?" Maneno yakatoka. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Aprili 1991, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Sasa vibao. Mwalimu alikuta Senior One, yaani kidato cha kwanza, imejaa wanafunzi wanaosoma kwa sauti kama wahubiri, lakini ukiwaambia waandike aya moja, kalamu inagoma. Kitabu kilikuwa kimoja kwa dawati zima. Daftari waliliogopa, maana kosa la wino hubaki pale likikutazama mpaka mwisho wa muhula. Mwaka 1994 rafiki yake mkubwa, Sadik Kamis, Mnubi aliyekuwa akiuza vifaa vya nyumba zilizobomolewa, alimletea mabamba ya dari ya zamani, ya kijivu, membamba na magumu. "Mwalimu, chukua," alisema Sadik. "Hii kitu haiozi, haiungui, hata panya anaiogopa." Mwalimu alifurahi kana kwamba amepewa gari. Aliyakata kwa msumeno nyuma ya nyumba, akayasugua kwa msasa, akayapaka rangi nyeusi, na kila mwanafunzi akapata kibao chake cha kuandikia kwa chaki.

Jamani, mliosoma kwake mnakumbuka. Kila mmoja aliandika sentensi moja. Kisha sita au saba walisimama mbele, vibao vifuani, na darasa likawapanga na kuwapangua mpaka wale watu wawe aya. "Wewe sentensi, rudi nyuma, wakati wako bado!" Mwalimu alifoka. "Na wewe je? Nani amekuita hapa?" Walicheka mpaka machozi, na waliandika, maana kosa la chaki linafutwa kwa kiganja. Mwanafunzi mmoja wa mwaka 1996, Tarcisio, alifukuzwa kwenye aya siku tatu mfululizo mpaka akalia. Siku ya nne alifuta, akaandika upya, akasimamishwa wa kwanza kabisa, na kengele ilipolia alikataa kuketi. Leo ndiye mwalimu mkuu wa shule hiyo hiyo, na ameketi nasi hapa mstari wa mbele.

Vibao vilichakaa. Rangi ilibanduka, chaki ikakataa kushika. Kwa hiyo kila muhula ulipofunguliwa, Jumamosi moja, darasa zima lilikaa kwenye korido na vipande vya msasa, likasugua. Vumbi lilikuwa jeupe na jepesi, likawatua nyweleni, na watoto wakachekana wakiitana jajja, babu na bibi wa Namuwongo. Mwalimu alicheka nao, kichwa chake nacho kimekuwa cheupe. Jioni Mama Alum alilikung'uta shati lake mlangoni kabla ya kulifua. Valarie, toka akiwa na miaka sita, alishika upande wa pili wa bamba baba akikata, na malipo yake yalikuwa soda. Hakuna aliyejifunika pua. Nani ajifunike pua kwa vumbi la shule?

Mwaka 2017 Sadik alianza kukohoa. Watu wakasema ni sigara, na Sadik hakuwahi kuvuta hata moja. Wakasema ni kifua kikuu, vipimo vikakataa. Mwili ukamwisha huku tunamwona, pumzi ikawa ya kuomba, na Agosti mwaka huo akazikwa. Mwalimu alisimama makaburini na Wanubi mpaka mwisho, akaomboleza kama ndugu wa tumbo moja. Muhula ulipofunguliwa, alikaa kwenye korido na watoto, akasugua vibao.

Alistaafu mwaka 2021. Machi 2024 ngazi za kanisa zilimshinda, yeye ambaye alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Namuwongo mpaka Mengo na kurudi. Maumivu yalikaa ubavuni, hayakwenda. Hospitalini walimtoa maji kifuani, na daktari mmoja kijana, Reine, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mzee, ulifanya kazi gani?"

"Ualimu."

"Na kabla ya hapo?"

"Ualimu."

"Hujawahi kukata paa au dari za zamani? Zile za simiti, za kijivu?"

Mwalimu alimwangalia Valarie. Valarie ndiye aliyemweleza daktari habari za vibao. Daktari alieleza polepole. Ndani ya mabamba yale kuna nyuzi za asbesto, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Ukiyakata au kuyasugua, zinapaa; ukizivuta, zinakaa kwenye mapafu na hazitoki. Zinaweza kunyamaza miaka thelathini. Alisema pia kwamba si kila aliyezivuta ataugua, na kwamba kibao kilicholala bila kuguswa hakina ubaya mwingi. Vumbi ndilo linaloua.

Mwalimu alirudi nyumbani na Valarie. Mlangoni alisema, "Akeyo, wale watoto ni wangapi?" Baba yake aliketi palepale kizingitini, akalia, na ni haki isemwe kwamba hakuwa akijililia mwenyewe.

Wiki iliyofuata alikodi gari mpaka shuleni, akasimama mara mbili uani kutafuta pumzi. Mwalimu Tarcisio alimkimbilia, akamshika mkono, akamwekea kiti. Mwalimu alimweleza aliyosema daktari, akamwomba aviondoe vibao.

"Mwalimu, bambi, pole, wewe mgonjwa, wacha kujitesa," alisema Tarcisio. "Hii kibao ndio ilinifanya mtu. Nikitupa yote, hawa watoto wataandikia wapi? Vitabu nani atanipa?"

"Waandike kwenye mchanga," Mwalimu alimwambia. "Tarcisio, nisikilize. Sadik amekufa. Mimi nakufa. Funga hiyo stoo ya vibao."

"Sawa, Mwalimu."

Alisema sawa kwa adabu zote, na muhula uliofuata watoto walikaa kwenye korido wakasugua. Mwalimu alisikia habari hiyo kwa mtoto wa jirani, aliyerudi nyumbani na nywele nyeupe. Tangu siku ile usingizi ulimwacha. Alituma ujumbe, alipiga simu, na kila mara alijibiwa kwa upole na kuombewa apone.

Mwalimu Cleopas Odera Wasonga alifariki Jumatano, tarehe 15 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, Mama Alum akiwa ameushika mkono wake. Alikuwa na umri wa miaka 64.

Jumatatu iliyopita kwenye matanga, Mwalimu Tarcisio alisimama, machozi yakimtiririka, akatangaza kwamba Jumamosi ijayo, tarehe 1 Novemba, shule nzima itasugua na kupaka rangi upya vibao vyote kwa heshima ya marehemu. Watu walipiga makofi. Banange, jamani, walipiga makofi! Valarie alipoinuka, baba yake mdogo alimvuta kwa sketi. "Keti, mwanangu. Utamvua baba yako nguo mbele za watu?" Wengine wakaongeza kwamba jina la mwalimu mzuri lisichafuliwe na vumbi. Mama Alum akasema, "Atasoma wasifu kama ulivyo." Hapo mjadala ukaisha.

Basi, aliye na kibao cha Mwalimu nyumbani, na wengi mlipewa kama zawadi mlipomaliza, asikisugue, asikivunje, asikichome. Akiloweshe maji, akifunge kwenye nailoni, ampigie Valarie simu. Na mwenye pumzi fupi asione haya: aende hospitali, aseme waziwazi kwamba utotoni alisugua vibao. Asiposema, watatafuta kifua kikuu mpaka achoke.

Marehemu ameacha mjane, Mama Alum, watoto, Valarie, Ogolla na Awino, wajukuu wanne, ndugu wa Nyadorera, ambao wameshachimba kaburi na wanamsubiri, na wanafunzi wengi kiasi kwamba hesabu yao ilimshinda hata yeye. Amemwacha pia Mwalimu Tarcisio, aliyempenda kama mtoto wa kumzaa, na ambaye ufunguo wa stoo ya vibao uko mfukoni mwake.

Gari la kwenda Nyadorera linaondoka saa nane. Wasifu huu ukimalizika kusomwa, Mama Alum atasimama kando ya jeneza na kiganja chake wazi. Mwalimu Tarcisio, familia haikuchukii, inakuomba. Njoo uweke ufunguo pale. Hapo ndipo Mama Alum ataweza kumwambia mumewe, bila kumdanganya, apumzike kwa amani.