Nani Ana Ufunguo Wako?

Mheshimiwa Naibu Meya wa Rotterdam; nawe Bwana Van Leersum, Mkurugenzi wa kampuni ya nyumba; nawe Daktari Machteld Oosterwijk, ambaye leo anastaafu na ndiye tunayemshangilia, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi majirani zangu mliojibanza kule nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu: habari za asubuhi.

Mimi ni Bep Kloosterboer wa ghorofa ya tatu. Nimeombwa niseme maneno machache, na aliyeniomba bila shaka hanijui.

Tumeshinda! Hilo nalitanguliza, maana nimelingoja muda mrefu. Jengo letu la zamani lilibomolewa, hili jipya limesimama, na sisi tuliokaa pamoja kule tumerudi pamoja hapa, ukuta kwa ukuta. Haikupangwa iwe hivyo. Ilipangwa tutawanywe, huyu Schiedam, yule Spijkenisse, mwingine huko ajuako Mungu, kwa sababu, tuliambiwa, watu wenyewe hawajuani, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Na ni nani aliyesema hatujuani? Tulisema wenyewe, kwa vinywa vyetu.

Daktari, ambaye udaktari wake ni wa vitabu si wa sindano, alikuja kwangu na maswali yake ya utafiti, jinsi watu wanavyoishi pamoja na kujiona wa mahali fulani. Nikampa kahawa na biskuti moja, nikalifunga tena bati la biskuti, kama mama yangu alivyonifunza. Akaniuliza rafiki zangu ni akina nani katika jengo. Nikamjibu sina rafiki, nina majirani. Akauliza tunatembeleana mara ngapi. Nikamwuliza, tutembeleane kufanya nini? Akaenda mlango wa pili, kwa Adelino, baharia mstaafu wa Cabo Verde tuliyepakana naye tangu mume wangu yu hai. Naye akasema Bep humsalimia kwenye lifti, inatosha. Mlango hadi mlango, wimbo ulikuwa ule ule. Daktari akaandika alichosikia: watu wa jengo hili, kila mtu na lake. Bwana Van Leersum aliposoma alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Usiangalie saa, Bwana Mkurugenzi, nakuja kwako.

Basi Jumatatu moja asubuhi Daktari alirudi kwa Adelino kumalizia maswali. Mimi wakati huo nilikuwa sakafuni bafuni, nyonga imevunjika, mlango wa nyumba umefungwa. Niseme ukweli? Niliogopa. Nina binti Groningen, mbali huko kaskazini, mtoto mwema, hunipigia simu kila Jumapili, na Jumapili ilikuwa imepita jana yake. Nikahesabu siku zilizobaki, nikalia.

Upande wa pili wa ukuta, Adelino alikatiza swali katikati, akainuka. Akasema saa tatu imepita na mapazia ya Bep bado yamefungwa. Akachukua ufunguo wangu kwenye msumari kando ya mlango wake, akatoka, Daktari nyuma yake na kalamu mkononi. Wakanikuta. Adelino akanifunika blanketi, akapiga simu, akakaa sakafuni kando yangu. Tukiwa tunangoja gari la wagonjwa, Daktari akashindwa kujizuia.

“Bwana Adelino, si uliniambia huyu si rafiki yako?”

“Si rafiki yangu,” akasema Adelino. “Ana domo huyu. Ni jirani yangu.”

“Na ufunguo wake unao wewe?”

“Sasa awe nao nani? Binti yake yuko Groningen.”

Ndugu wageni, wako wasomi ambao mambo yakiwapinga, huyakasirikia mambo. Huyu hakuwa hivyo. Alirudi kwenye kila mlango aliokwisha kuugonga, akanywa tena kahawa yetu, tena biskuti moja moja, maskini, na safari hii aliuliza swali moja tu: nani ana ufunguo wako?

Kwenye mkutano wa hadhara Bwana Mkurugenzi alisimama na ile ripoti ya kwanza, akatusomea kwamba hatuna uhusiano. Daktari akanyanyuka mbele ya ukumbi mzima. Akasema ripoti ni yake na kosa ni lake, aliuliza vibaya. Kisha akatugeukia, akaomba kila mwenye ufunguo wa jirani auinue juu. Mnakumbuka mlio ule? Bi Fatna wa ghorofa ya tano, aliyeapa kwamba hapa hamjui mtu, alitoa mfukoni shada zima la funguo kama askari jela! Ukumbi mzima ulikuwa unalia chuma. Bwana Van Leersum, ukaikunja ile ripoti, nami nakusifu kwa hilo, maana kukunja karatasi kwa wakati wake ni kipaji. Ukaenda, ukakubali, ukatupanga kwa kufuata funguo zetu. Umejenga vizuri, bwana. Lifti inajikokota, lakini umejenga vizuri.

Limebaki moja. Nikiwa hospitalini Daktari alikuja kunitazama, nikamrudishia swali lake: na wako, Daktari, anao nani? Akaanza kunisifia maua ya dirishani. Maisha yake yote ya kazi amewauliza Waholanzi nani ni wa nani, na yeye mwenyewe, siku akianguka bafuni, hakuna wa kumfungulia. Liliniuma jambo lile. Lakini sikumwambia kitu, si desturi yetu.

Wiki iliyopita alihamia ghorofa ya tatu, ubavuni mwangu. Jana alikuja mlangoni kwangu, amesimama kama mtoto aliyetumwa chumvi, akasema, “Bi Bep, sijui huwa inaombwaje.”

Nikamwambia, “Haiombwi. Lete.”

Ufunguo wake huu hapa, uoneni wote. Daktari Machteld, mapazia yawe wazi kabla ya saa tatu. La sivyo nitafungua mimi, na Adelino ataleta blanketi.

Nimemaliza, nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Kahawa iko mezani, na bati la biskuti leo halifungwi.