Safu ya Fursa Iliyoachwa Wazi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake wa kumfuata, nimeombwa nisome kwa niaba ya familia, nami nitasoma alivyotaka mwenyewe, bila kutia chumvi.

Dada yetu, tuliyemwita Bi Nukta kwa kuwa alirudisha hata barua za wachumba zilizokosa nukta, alizaliwa tarehe 20 Novemba 1965, mtoto wa kwanza wa mwalimu na mshonaji, akamaliza sekondari mwaka 1985, akahitimu shahada ya uchumi mwaka 1989, na tarehe 2 Januari 1990 akaajiriwa wizara ya mipango, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha lisilofunguka.

Tarehe 11 Septemba 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, aliyezoea kutania kwamba ameoa mke pamoja na wizara yake, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Kazi yake ilikuwa kuandaa taarifa anayokabidhiwa rais mpya, yenye safu mbili, changamoto kushoto na fursa kulia, na kanuni ya ofisi ilikataza changamoto kupanda juu bila fursa pembeni yake. Ukame ulipata umwagiliaji, vijana wasio na ajira wakaitwa nguvu kazi, lakini uhaba wa mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo haukuwa na fursa yoyote, na mara tatu, nasema kwa uchungu, dada alikubali kuandika “soko kwa wawekezaji”, marais wakaapishwa, mashine zikabaki mbili.

Machi 2023 figo zake mwenyewe ziligoma, akasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Katika taarifa ya nne aliiacha safu ya kulia wazi, mkurugenzi akamsihi aijaze, akamtisha kwamba atastaafu vibaya, naye akatia sahihi hivyo hivyo akiwa wodini, ikapanda tarehe 3 Novemba 2025. Kama imesomwa, hatujui.

Alifariki Jumanne tarehe 4 Novemba, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompeleka hospitali kwa zamu, na wafanyakazi wenzake, mkurugenzi akiwemo. Nafasi yake ya mashine, Alhamisi saa mbili asubuhi, amepewa mama wa watoto watatu aliyekuwa akisubiri tangu Februari.

Pumzika, dada yangu.