Mama Ratiba, Aliyezipangia Ndege Zetu Safari

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkuu wa Mipango ya Safari katika shirika letu la ndege anastaafu. Jina lililo kwenye kitambulisho chake wengi wenu hamlijui, na hakuna haja ya kujifanya. Kuanzia karakana hadi ofisi ya mkurugenzi, yeye ni Mama Ratiba.

Alianzia dirisha la tiketi, shirika likiwa na ndege mbili tu. Kitengo cha mipango kilimpata kwa sababu ya mdomo wake: kila mara alipanda ghorofani kuuliza kwa nini ndege ya asubuhi inaondoka kabla mabasi ya mikoani hayajaingia mjini. Mwishowe bosi wa wakati huo akachoka, akamwambia avute kiti aipange mwenyewe. Akavuta.

Kwake safari mpya haikuanzia kwenye ramani. Alikwenda kwenye mji wenyewe, akashinda stendi ya mabasi akiwauliza watu wanakwenda wapi, kumwona nani, na wanarudi lini. Safari moja polisi walimtilia shaka wakampeleka kituoni. Aliachiwa baada ya mkuu wa kituo kumweleza kwa kirefu kwamba yeye binafsi angefurahi ndege ikiondoka Ijumaa jioni. Ndege ya Ijumaa jioni tunayo mpaka leo, na haikosi abiria.

Si kila alichopanga kilinyooka. Kuna safari ya kusini aliyoipigania kufa na kupona, tukaishia kubeba hewa. Aliifuta mwenyewe, akawaomba radhi marubani, kisha akawa mkali kwa kila mtu wiki nzima.

Lakini siku inayomweleza vizuri zaidi ni ile ya uzinduzi wa safari yetu ya kwanza ng'ambo. Mkuu wa Matangazo, rafiki yake wa meza moja ya chakula cha mchana, alikuwa ameuhangaikia mwaka mzima. Mabango yalikuwa kila barabara, bendi ipo uwanjani, waandishi wa habari wameshashika kamera. Asubuhi hiyo ndege wa Mungu akaingia kwenye injini ya ndege yetu. Ikabaki moja tu nzima, nayo ilikuwa iende milimani kuwachukua wagonjwa wanaosafishwa damu katika hospitali kuu. Barabara ya huko mvua ilikuwa imeikata.

Mkuu wa Matangazo alikuja mbio ofisini kwetu. "Dada yangu, wageni wamejaa ukumbini. Nitawaambia nini?"

"Waambie kweli," Mama Ratiba akamjibu. "Wao wanaweza kuondoka kesho. Wale wa milimani kesho watakuwa wamechelewa."

Akaituma ndege milimani, kisha akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma akalia, maana alijua amemvunjia rafiki yake kazi ya mwaka. Rafiki naye alishika kipaza sauti, akasema kweli yote mbele ya wageni. Baadhi walinuna wakaondoka. Bendi ilikataa kurudi nyumbani bila kupiga, ikawapigia abiria wa milimani walipotua. Bibi mmoja aliyekuwa anashushwa kwa kiti cha magurudumu aliuliza ni waziri gani amekuja.

Safari ya ng'ambo ilianza wiki iliyofuata, kimyakimya, na ndiyo leo inayotubeba sote. Urafiki ulichelewa zaidi. Kwa miezi kadhaa Mkuu wa Matangazo alikula peke yake. Siku moja akaja na sahani yake, akaketi mahali pake pa zamani, akalalamika kwamba maharage hayana chumvi. Mama Ratiba akamsogezea kikopo cha chumvi. Yakaisha hapo.

Nyumbani nako hakuacha kazi. Kwenye harusi ya binti yake, mshereheshaji alipewa muda wa kutua na muda wa kuondoka, na baba wa bwana harusi alikatwa hotuba katikati. Mumewe ameshatuomba tumtafutie mkewe kibarua kidogo cha nyumbani, la sivyo yeye ataanza kupangiwa saa ya kukohoa.

Asante, Mama Ratiba, kwa wote uliowafikisha. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu, na siku ndefu zisizo na saa ya kuondoka.