Sauti Iliyotangulia

Wallahi, mdomo uliponza kichwa! Fundi sauti angekaa kimya ndani ya treni ile, angefika kazini salama. Jirani yake wa kiti, mwanamke aliyenuna, alikuwa na simu mkononi, anarudia wimbo mmoja tu kutoka albamu ya mchezo mmoja wa kuigiza kwa nyimbo, uliokuwa ukirushwa kwenye televisheni. Fundi kwa kiherehere chake akajisifu, "Dada, wimbo huo nimeusafisha mimi studio, makosa yote nikayakata."

Mwanamke akageuka mwili mzima. "Kumbe ni wewe uliyemfuta mama yangu!"

"Kumfuta tena?"

"Kwenye kiitikio! Kwenye televisheni alisikika, anaingia kabla ya waitikiaji wenzake. Humu nimerudia mara kumi, hayumo!"

Fundi akamkumbuka. "Aa, yule? Alikuwa anawahi, dada. Kila mara. Lile lilikuwa kosa."

"Kosa ni wewe! Mama alikuwa anaitika hata kabla hujamaliza kumwita, maisha yake yote. Ametutoka, miezi mitatu sasa. Mchezo hawaurushi tena, albamu tumenunua ili tumsikie yeye!"

"Mimi nilitumwa tu, dada yangu."

"Ulitumwa na masikio yako! Hebu sikiliza ulichofanya."

Akapandisha sauti ya simu, behewa zima likageuka. Treni ilikuwa inapunguza mwendo. Kiitikio kilipokaribia, mwanamke akaimba mwenyewe, kwa hasira, akimkazia fundi macho. Akaingia mapema, nusu pigo la muziki kabla ya wengine, pale pale fundi alipokuwa amekata sauti ya mama.

Milango ikafunguka. Kituo kilikuwa cha fundi kushukia kazini, ila alibaki kitini, anaisikiliza ile sauti iliyotangulia.