Samli ya Mama na Majibu ya Damu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni fundi ujenzi, nakaa Nyasho, na kama mnavyoniona, mwili wangu ni mwembamba. Wembamba huu ndio ulionidanganya.

Mama yangu anaishi Butiama, anafuga ng'ombe. Kila mwezi alikuwa ananiletea samli, nami naimimina juu ya ugali wa mtama mpaka unang'aa. Kwetu, samli ya mama hairudishwi. Ukiikataa, umemkataa yeye.

Siku moja nilikwenda kupima mafuta kwenye damu, sijala kitu tangu jana yake jioni. Daktari alinisomea majibu taratibu. Yapo mafuta yanayosafisha mishipa, yangu yalikuwa machache. Yapo yanayoganda ndani yake, hayo yalikuwa mengi mno. Nikamwambia, "Lakini mimi si mnene." Akasema, "Mshipa hauonekani kwa nje, fundi." Akaniandikia dawa, akanikataza samli.

Ndugu zangu, karatasi ile ya majibu niliificha. Nilimwogopa mama kuliko ugonjwa. Samli nikaendelea kula mbele yake, dawa nikaacha, nikasema nina imani. Haikuwa imani, ilikuwa aibu.

Kisha nikiwa kazini Nyegina, nainua tofali, kifua kikabana. Jasho likanitoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Niliomba neno moja tu: Bwana, mama asije akaambiwa na watu. Wenzangu wakanikimbiza hospitali mjini, na uhai nikapewa tena.

Mama alipofika, nilimweleza yote huku nalia. Alinishika mkono.

"Baba yako naye alikuwaga anashika kifua hivyo hivyo kabla hajafa," akasema. "Tukadhani amelogwa. Mwanangu, mimi nilikuwa nakulisha ili uishi. Si ungeniambia tu?"

Sasa nasali kila siku na dawa nameza kila siku, kimoja hakifukuzi kingine. Nilipopima tena juzi, mafuta mabaya yalikuwa yameshuka. Namtukuza Mungu kwa hilo.

Ndugu zangu, mtegemeeni Bwana, na mwende mkapime, hata ninyi wembamba wenzangu. Mkipewa majibu, waambieni wanaowapenda. Mama yangu yule pale, benchi la nyuma. Alishamzika mumewe. Mtoto wake amesimama mbele yenu, anaongea.