Waya wa Feni

Kwenye kivuko cha Kamanga, mzee Mashimba alimlalamikia fundi mmoja, abiria mwenzetu, kwamba gari lake la zamani huchemsha siku moja, kisha wiki nzima linatulia. "Mafundi wamebadilisha mpaka rejeta."

Fundi alifungua boneti, injini ikiunguruma, akatikisa waya wa feni ya kupoza injini. Feni ikazunguka, ikasimama. "Waya umelegea, mzee. Kuukaza ni dakika tano tu."

Mzee aliinama akautazama ule waya. "Mwezi wa tatu lilichemsha pale Buhongwa nikimpeleka mke wangu hospitali. Tukasubiri lipoe. Akafia kiti cha nyuma."

Mimi, niliyesimama kando yao, nilijifanya natazama ziwa.

"Kwa hiyo angepona, kijana wangu?"

"Labda siku ile lilikuwa tatizo lingine," fundi alisema, bila kumtazama. Kivuko kikagota ng'ambo, magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.